Bastola Moja, Mashtaka Matano

Mjadala huu nimeupanga mwenyewe. Wazungumzaji sikuwapa majina, kwa kuwa hakuna mmoja aliyechorwa kutoka kwa mtu fulani, ingawa yeyote aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama za Mombasa, Nakuru au Kibera atazitambua sauti zao. Kesi yenyewe ni ya kubuni. Sheria zake ni za Kenya, na hizo hazikubuniwa: zinafunga watu leo.

Kisa ni hiki. Saa mbili usiku vijana wawili wanaingia dukani, mmoja ana bastola. Wanamlaza mwenye duka chini na kuchukua mauzo ya siku. Mama aliyekuja kununua unga ananyang'anywa simu, na anapochelewa kuitoa anapigwa kichwani kwa kitako cha bastola. Siku chache baadaye polisi wanamkamata mmoja wao chumbani kwake. Chini ya godoro wanakuta bastola na risasi tatu. Simu ya yule mama iko juu ya meza, imeshabadilishwa laini.

Hati ya mashtaka inasomwa hivi. La kwanza ni wizi wa mabavu dhidi ya mwenye duka, chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni za Adhabu. La pili ni wizi wa mabavu dhidi ya yule mama. La tatu, kumiliki bunduki bila cheti, kinyume cha Sheria ya Bunduki. La nne, kumiliki risasi bila cheti. Na pembeni kuna shtaka mbadala la kupokea mali ya wizi, lililowekwa ili mtu asitoroke iwapo wizi wenyewe hautathibitika. Hakimu anampata na hatia. Kwa shtaka la kwanza, kifo. Kwa yaliyobaki, ikiwemo miaka 7 ya bastola na miaka 7 ya risasi, adhabu zinasimamishwa, maana mtu hanyongwi mara mbili wala hafungwi akishanyongwa. Kwa shtaka mbadala hatoi uamuzi wowote. Mfungwa anaambiwa ana siku 14 za kukata rufaa.

Wakili wa utetezi ndiye anayeanza.

Wakili: Tuihesabu hiyo bastola. Kifungu cha 296(2) kinasema mwizi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake, au akimpiga mtu wakati wa wizi, adhabu ni kifo. Bastola imesaidia kumpeleka huko. Kisha imerudishwa peke yake katika shtaka la tatu. Kisha risasi zilizokuwa ndani yake zimepewa shtaka lao. Chombo kimoja, usiku mmoja, na mtu mmoja anaadhibiwa kwacho mara tatu.

Mama: Na mimi nimehesabiwa mara ngapi, wakili? Nilishonwa kichwa. Mwenye duka hakuguswa hata ukucha, na kesi yote inaitwa kesi ya duka. Ukiyakusanya mashtaka yakawa moja, mimi nimefutwa.

Wakili: Hapo sikupingi, mama. Watu wawili wakiibiwa, ni makosa mawili, hata kama yametendeka ndani ya dakika moja. Shtaka lako ni lako. Ninalopinga ni la tatu na la nne.

Kiongozi wa mashtaka mstaafu: Wakili, umefanya kazi hii miaka mingi, unajua kesi za usiku huvunjikia wapi. Huvunjikia kwenye utambulisho. Mwenye duka alikuwa kifudifudi, taa ilikuwa moja, gwaride la utambulisho liliendeshwa ovyo. Rufaa inafika Mahakama Kuu, jaji anasema ushahidi wa kumtambua mshtakiwa hautoshi, shtaka la kwanza linaanguka. Kama bastola ningeiacha imezama ndani ya shtaka la wizi, ingeanguka nalo. Mtu aliyekutwa na bunduki chini ya godoro angerudi nyumbani. Mashtaka mengi ni tahadhari yangu kwa umma. Adhabu ni jambo jingine, na hilo lina mwenyewe, ambaye ni hakimu.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu nadhani kiongozi wa mashtaka amesema jambo ambalo mawakili wengi hulipitia mbio. Kumshtaki mtu mara nyingi na kumwadhibu mara nyingi ni vitu viwili. Mtu anaweza kushtakiwa kwa haki kwa makosa manne katika hati moja, kisha akaadhibiwa kwa dhuluma kwa makosa hayo hayo. Rufaa inayochanganya mambo haya hupotea, maana inamwomba jaji afute shtaka lililo halali badala ya kumwomba arekebishe adhabu iliyopita kiasi. Na katika kisa chetu bastola haikuonekana dukani pekee. Ilipatikana chumbani, siku nyingine, ikiwa bado mikononi mwa mwenyewe. Kuimiliki siku ile ni kosa linalosimama kwa miguu yake. Kama angekamatwa pale pale dukani, bastola mkononi, na ushahidi wa kuimiliki ukawa ni ule ule wa kuitumia, ningekuwa upande wa wakili bila kusita.

Anayefuata alikaa gerezani miaka mingi, Shimo la Tewa kisha Naivasha. Huko aliwaandikia wenzake rufaa kwa mkono.

Mwandishi wa rufaa: Mimi nitawaambia inavyoonekana kutoka ndani. Mtu anafika kutoka mahakamani, hajui hata amefungwa kwa nini hasa. Anajua "kesi ya bunduki" tu. Unamwuliza, waranti yako inasemaje? Hajaisoma. Kwa karani wa gereza hakuna kitu kingine, ni waranti tu. Mfungwa wa hukumu ya kifo haoni tofauti, lakini mchukue yule aliyehukumiwa kwa bunduki na risasi pekee, miaka 7 na miaka 7. Ikiwa hakimu ameandika zitumikiwe kwa pamoja, ni 7. Asipoandika kitu, karani anajumlisha, ni 14. Hakimu pengine alikusudia 7, akasahau kusema, na kusahau huko kunamgharimu mtu ujana wake.

Kiongozi wa mashtaka: Na karani hana kosa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai ndicho kinachosema hivyo: adhabu zinafuatana, moja ikiisha nyingine inaanza, isipokuwa mahakama iagize zitumikiwe pamoja.

Mwandishi wa rufaa: Basi nusu ya wale niliowaandikia walikuwa hawajui hilo. Wanakuja na karatasi wameandika "nilisingiziwa" kutoka juu hadi chini. Nilikuwa namwambia kijana, andika ulisingiziwa, sawa, hiyo ni haki yako, lakini weka hoja nyingine ya adhabu. Sema shtaka la tatu na la nne ni tukio moja, bastola na risasi zake, na uombe zitumikiwe pamoja. Sema ulikaa mahabusu muda gani kabla ya hukumu, kwa sababu kifungu cha 333(2) kinataka muda huo uhesabiwe. Wengi walikataa. Waliona kuzungumzia adhabu ni kukubali kosa.

Hofu hiyo naielewa, lakini haina msingi katika sheria. Mkata rufaa anaruhusiwa kusema, "Sikutenda, na hata ikiwa mahakama itaona nilitenda, adhabu imezidi." Hata aliyekiri kosa mwenyewe, ambaye mlango wa kupinga hatia umefungwa, bado anaweza kukata rufaa juu ya uhalali na kiasi cha adhabu. Na Mahakama ya Rufaa imekwisha kueleza kanuni: makosa yaliyotendwa katika tukio moja, adhabu zake kwa kawaida zitumikiwe pamoja, matukio yakiwa mbalimbali, hata kama yameandikwa kwenye hati moja, kuzifuatanisha si kosa. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuandika rufaa ni hili: je, haya ni matukio mangapi? Bastola na risasi zilizokutwa pamoja chini ya godoro moja ni tukio moja. Sijui hoja yoyote yenye uzito inayoweza kuzitenganisha.

Wakili: Ila usiwape watu matumaini kupita kiasi. Jaji wa rufaa habadilishi adhabu kwa sababu yeye angetoa ndogo zaidi. Tangu mwaka wa 1954, katika kesi ya Ogolla, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka mpaka ambao bado tunaufuata: lazima uonyeshe hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, au alipuuza jambo la maana, au adhabu ni kubwa kwa namna inayoonekana wazi. Kunyamaza kuhusu kifungu cha 14 wakati tukio ni moja, hiyo ndiyo kanuni isiyo sahihi. Hoja hiyo ina meno. "Naomba huruma, nina watoto" haina.

Mwandishi wa rufaa: Na iandikwe mapema. Mahakama Kuu ndiyo nafasi ya kweli. Pale jaji anapaswa kuupima ushahidi wote upya, kama kesi ya Okeno ya mwaka wa 1972 ilivyoagiza, na adhabu anaigusa. Ukipanda Mahakama ya Rufaa kwa rufaa ya pili, kifungu cha 361 kinakubana: ni hoja za sheria tu. Ukisema adhabu ni kali, unajibiwa kwamba ukali wa adhabu ni suala la ukweli wa mambo, si la sheria. Nimeona mtu aliyekuwa na hoja nzuri kabisa ya adhabu akaitoa kwa mara ya kwanza mbele ya majaji watatu. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwambia hawana mamlaka.

Mama: Mnaongea kana kwamba rufaa ni ya kupunguza tu.

Kiongozi wa mashtaka: La, mama. Inaweza kuongeza. Tuseme hakimu alimtia hatiani kwa wizi wa mabavu wenye kifo, kisha kwa huruma akampa miaka 14, adhabu ya kosa dogo la kifungu cha 296(1). Yule mtu akikata rufaa, jaji anaweza kumwonya: adhabu yako si halali, ukiendelea na rufaa hii na ukashindwa, naweza kuirudisha kwenye kifo. Onyo hilo ni lazima litolewe. Wengi wakilisikia huondoa rufaa siku hiyo hiyo.

Mwandishi wa rufaa: Huondoa hata wasio na hatia. Hilo liandikwe pia.

Naliandika. Katika mambo yote ya mjadala huu, hili ndilo linaloniuma zaidi. Sheria yenye adhabu moja tu haimwadhibu mtu kwa uzito wa alilotenda, na pia inamfanya aogope kudai haki yake. Kifungu cha 296(2) kinamweka aliyempasua mtu kichwa kwa bastola, na aliyesimama mlangoni akiwa na mwenzake bila silaha yoyote, katika kapu moja la kifo. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka wa 1987. Kwa hivyo kifo hicho hutamkwa mahakamani, kisha hugeuka kifungo cha maisha kwa amri ya rais, kama ilivyofanyika mwaka wa 2009 kwa wafungwa zaidi ya 4,000, na tena mwaka wa 2016 kwa wafungwa 2,747. Hakuna jaji aliyekaa akapima kosa la mmoja mmoja kati yao kabla ya kalamu hiyo kupita.

Wakili: Na tulikaribia kutoka kwenye shimo hilo. Mwaka wa 2010, katika kesi ya Mutiso, Mahakama ya Rufaa ilisema kifo cha lazima kwa mauaji ni kinyume cha katiba. Mwaka wa 2013, katika kesi ya Mwaura, iliyokuwa ya wizi wa mabavu, mahakama hiyo hiyo ikageuka. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa Muruatetu: kifo cha lazima kwa mauaji hakikubaliki, maana kinamnyima jaji nafasi ya kumsikiliza mtu. Tukasema, sababu hiyo inahusu wizi wa mabavu vilevile. Mahakama ya Rufaa ikakubali mwaka wa 2018. Maombi ya kuhukumiwa upya yakafurika.

Mwandishi wa rufaa: Nilikuwa ndani bado. Kila aliyejua kushika kalamu alikuwa anaandika. Watu wa wizi wa mabavu walikwenda kortini, wakarudi na miaka 15, miaka 20, ikihesabiwa tangu walipokamatwa. Wengine hawakurudi kabisa, walikuwa wamekwisha kuimaliza. Kisha ikaja tarehe 6 Julai 2021.

Wakili: Mahakama ya Juu ikasema Muruatetu ni ya mauaji peke yake. Anayetaka kupinga kifo cha wizi wa mabavu alete kesi yake, ianzie chini, ipande ngazi hadi juu.

Mwandishi wa rufaa: Kuna watu wawili, kosa moja, hati moja ya mashtaka. Mmoja ombi lake lilisikizwa kabla ya siku hiyo, mwingine faili lake lilikuwa linatafutwa. Mmoja yuko nyumbani.

Kiongozi wa mashtaka: Sitaki nionekane sina moyo, lakini mahakama ilikuwa na hoja. Kesi iliyokuwa mbele yake ni ya mauaji. Haikusikia mjadala wowote wa wizi wa mabavu. Na huyu mama hapa hajawahi kuulizwa.

Kisheria kiongozi wa mashtaka yuko sawa, na bado nadhani matokeo ni mabaya. Kama sababu ya kuondoa kifo cha lazima ni kwamba mtu hawezi kuhukumiwa bila kusikilizwa, basi sababu hiyo haibadiliki kwa kuwa aliyeumizwa hakufa. Muuaji leo anapimiwa adhabu. Aliyenyang'anya simu akiwa na mwenzake hapimiwi. Huwezi kumweleza mtu wa kawaida mpangilio huo akakuelewa.

Na mkorogano hauishii hapo. Kifungu cha 297(2) kinasema kujaribu wizi wa mabavu ni kifo. Kifungu cha 389 cha sheria hiyo hiyo kinasema anayejaribu kosa ambalo adhabu yake ni kifo au maisha, asifungwe zaidi ya miaka 7. Kijana aliyeinua bastola dukani, akapigiwa kelele na kukimbia mikono mitupu, yumo ndani ya vifungu vyote viwili. Mwaka wa 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu, katika kesi ya Kahinga, walivikagua vifungu hivi vya wizi na majaribio ya wizi, wakaona havijatenganisha ngazi za makosa kwa uwazi ambao mtu anaweza kuutegemea katika utetezi wake, wakataka virekebishwe. Kazi ya kurekebisha ni ya Bunge.

Wakili: Mpaka Bunge litende, nasema hivi: vifungu viwili vikigongana juu ya tendo moja, mshtakiwa apewe chepesi.

Kiongozi wa mashtaka: Nikubali hilo kwa jaribio. Kwa bastola ya chini ya godoro, sikubali. Sheria ya Bunduki haijagongana na kitu. Mtaalamu wa silaha aliipokea, akaijaribu, ikafyatuka. Hilo ni kosa kamili hata kama duka lisingeguswa.

Wakili: Basi ipewe adhabu yake wazi, isilazwe kabatini.

Mwandishi wa rufaa: Hapo wakili umegusa penyewe. Adhabu iliyosimamishwa ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mtu anashinda rufaa ya wizi, anakumbatia wenzake, anafunga nguo zake. Kumbe ile ya bastola ilikuwa imelala tu. Shtaka la wizi likifutwa, ya bastola inaamka. Na swali linakuwa: inaanza lini? Leo, au siku aliyofungwa? Kama kakaa miaka 9 ndani na ya bastola ni 7, alitakiwa awe nyumbani miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nawaandikia wote hoja hii tangu mwanzo: "Ikiwa shtaka la kwanza litaanguka, naomba mahakama itamke adhabu za mashtaka mengine zianze siku niliyokamatwa."

Mama: Subirini. Shtaka la pili ni langu. Nalo limelazwa?

Kiongozi wa mashtaka: Ndiyo, mama. Kifo kilitamkwa kwa la kwanza.

Mama: Yaani aliyelazwa sakafuni ndiye aliyepata hukumu, na aliyepasuliwa kichwa anangoja? Mimi sikuomba mtu anyongwe. Nilitaka jaji aseme, kwa kichwa cha huyu mama, miaka kadhaa. Aitaje. Nijue ni mingapi iliyo yangu.

Hakuna kati ya wale watatu aliyekuwa na jibu la haraka, na mimi naona mama ametoa hoja bora kuliko zetu sote. Tumezoea kudhani kwamba kutenganisha adhabu kwa kila shtaka ni faida ya mfungwa peke yake. Hakimu anayepima kila shtaka kwa uzito wake, akaeleza yapi ni tukio moja na yapi siyo, kisha akatamka kama adhabu zitumikiwe pamoja au zifuatane na kwa sababu gani, anamtendea haki mfungwa, anamtendea haki mama, na anamwachia jaji wa rufaa kitu cha kukagua. Aliyetamka kifo kimoja na kulaza mengine yote hakumwambia mtu yeyote kitu. Waamuzi wanaoeleza hivyo wapo, nimesoma hukumu zao. Mwongozo wa Mahakama kuhusu adhabu, wa mwaka wa 2016 na uliopitiwa upya mwaka wa 2023, unawataka wote wafanye hivyo. Palipo na kifo cha lazima mwongozo huo hauna pa kushika, na ndiyo maana nasema kifungu cha 296(2) kirudi Bungeni kikiwa na ngazi ndani yake: asiye na silaha, mwenye silaha, aliyeitumia kumjeruhi mtu.

Mama: Na rufaa ikisikizwa, nitaambiwa?

Kiongozi wa mashtaka: Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka wa 2014 inakupa haki ya kusikizwa, na suala la adhabu linakugusa moja kwa moja. Lakini usingoje kuitwa. Nenda ofisi ya mashtaka ya umma ukiwa na namba ya kesi, uombe namba ya rufaa, uache simu yako kwa maandishi.

Mwandishi wa rufaa: Na mama, ukifika siku hiyo, keti mbele. Jaji akiuliza kama kuna wa upande wa shtaka la pili, simama.